Uso wa Mama Emérita

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa maharagwe, Mama Emérita alinawa uso mara tatu: kwa maji ya majivu, kwa sabuni, kisha kwa ndimu. Halafu alijitazama kwenye mfuniko wa sufuria. Maji hayajachemka, paji la uso limeshaanza kung'aa, na pua ndiyo usiseme. Alikuwa mjane, mpishi wa shule ya bweni ya Buhimbi, huko Masisi, na mwaka ulikuwa sitini na sita.

Uso wa mafuta si ugonjwa. Lakini uso huo akiwa nao mpishi, ni kesi. Mawese ya shule yalitoka Walikale kwa lori, pipa zima, barabara ikikubali, na tangu mwaka uliopita pipa lilikuwa linashuka upesi kuliko kijiko cha Mama Emérita. Watu waliangalia pipa, wakaangalia uso, wakaona hakuna haja ya kuuliza.

"Mupishi ule, uso yake iko inangaa," wanawake walisema kisimani. "Ile njo mafuta ya batoto."

Hayo angeyavumilia. Lakini tangu mumewe afariki, yeye ndiye aliyebeba kapu la matoleo kanisani siku ya Pasaka, na sasa wazee wa kanisa walikuwa wanasema mwaka huu labda apumzike. Hilo lilimuuma hasa. Alitaka uso mkavu kabla ya Pasaka, basi, hakuomba kingine.

Alishuka dispensari. "Muganga, nimekuja juu ya mafuta ya uso."

Mganga alisikia vizuri, akampa mafuta ya uso: kopo la vaselini, apake asubuhi na jioni. Mama Emérita aliheshimu waganga. Alipaka wiki nzima, na wiki hiyo watoto wa darasa la kwanza walijitazamia kwenye shavu lake.

Aliyemhurumia ni Vestine, mwalimu wa darasa la tatu. "Acha majivu, Mama. Acha na ndimu. Unawe mara mbili tu, na maji ya vuguvugu, usisugue. Ngozi ukiisugua inakasirika, inatoa mafuta ingine." Akampa karatasi za buvari, zile za kunyonya wino. "Unagandamiza tu. Usipanguse."

Mchana Mama Emérita aligandamiza. Karatasi ikawa nyekundu. Vestine aliinusa, akaigusa kwa ncha ya ulimi.

"Mama, hii haiko jasho. Iko mawese."

Mama Emérita naye alionja. Mafuta aliyajua. "Ya Walikale," akasema. "Ya pipa yetu."

Kisha kengele ililia, Vestine akarudi darasani.

Baada ya hapo haikuwa kazi kuelewa. Funguo za depo, ghala la shule, zilikuwa mbili, mmoja wake, mwingine wa direkteri, mkuu wa shule, Papa Athanase. Jioni ambayo Papa Athanase alipita depo na bidoni, dumu lake la plastiki, kesho yake mafuta yalitoka kwenye nyusi za Mama Emérita na pembeni mwa pua, polepole, kama bomba lisilofungwa vizuri. Direkteri akichukua bidoni moja, ilitoka moja. Akichukua mbili, zilitoka mbili. Habari ya bidoni Mama Emérita aliijua zamani. Lakini mpishi angemwambia nani?

Siku ya kwanza alijipangusa kwa hasira, akamwaga yote majanini. Mchana ule maharagwe yalikuwa makavu. Mtoto mmoja mdogo, Françoise, alirudisha sahani haijafika nusu, akasema asante Mama, ameshiba. Mama Emérita aliona haya. Kuanzia kesho yake alichagua maharagwe akiwa ameweka beseni chini ya kidevu, na likijaa alilimimina kwenye pipa. Watoto walikula vizuri, wakanenepa kidogo.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaja inspekteri, Papa Polycarpe, kwa sababu ya maneno ya watu. Alitumbukiza kijiti kwenye pipa.

"Pipa iko sawa," alisema. "Hakuna kitu imepotea."

Kisha akamwona Mama Emérita na beseni lake. Uzi wa mafuta ulikuwa unashuka kutoka nyusi ya kushoto. Papa Polycarpe aliufuata kwa macho mpaka ukafika chini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Walikale, msituni, na mambo alikuwa ameyaona.

"Mafuta ya batoto iko inatoka ku uso ya mupishi," alisema. "Basi yeye njo alikuwa anaikulaka."

"Uliza bidoni, Papa Inspekteri," Vestine alisema kutoka mlangoni.

"Bidoni haina uso," alijibu Papa Polycarpe, akaandika. Papa Athanase, aliyesimama nyuma yake, aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesikitika.

Wazee wa kanisa walimpa kapu Mama Geneviève. Kazini hakufukuzwa. Mpishi wa namna ile hafukuzwi. Direkteri alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, "Mama, usinawe sana."

Likizo ya Pasaka Papa Athanase alikwenda Goma. Jumamosi Kuu Mama Emérita aliamka uso mkavu. Aligandamiza buvari, ikabaki nyeupe. Jumapili alikaa benchi la mbele, akageuka kushoto na kulia ili kila mtu aone. Lakini macho yote yalikuwa kwenye kapu, na kapu lilipita mikononi mwa Mama Geneviève. Mama Emérita alilia kidogo. Yalikuwa machozi tu, ya maji na chumvi.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Papa Athanase alikuwa amezimaliza zamani, akaanza zingine.

Shule ilifunguliwa wiki moja baadaye, Jumatatu. Jumanne asubuhi Mama Emérita alikuwa amekaa jikoni akichagua maharagwe, na Vestine amesimama mlangoni akinywa uji. Tone moja lilidondoka kutoka nyusi ya kushoto, halafu ya kulia.

"Papa Direkteri amerudi," Mama Emérita alisema, akalivuta beseni karibu.