Aliyeamua Ndiye Atangazaye

Jumanne, tarehe 9 Aprili. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi, na bwalo la kiwanda cha nyuzi lilijaa miavuli mibichi. Wenye hisa waliitwa kuamua jambo moja: zahanati ya kiwanda, iliyowatibu hata majirani bila malipo, ifungwe au iendelee. Tangu kipindupindu kiingie mtaani, wawekezaji walikiogopa kiwanda chenye wagonjwa getini, na bei ya hisa ilikuwa ikiporomoka.

Fundi cherehani alikaa kando ya shemeji yake, muuguzi wa zahanati hiyo.

"Shemeji, leo unanukia dawa tupu," alimtania.

"Afadhali dawa. Wewe unanukia pesa usizozipata bado."

Fundi alitaka kuuza hisa zake mwisho wa mwezi, apange chumba cha duka. Maisha yake yote alikuwa ameshonea kwenye baraza za watu. Bei isipopanda, chumba kingechukuliwa na mwingine.

"Wanaotaka ifungwe," alisema mwenyekiti.

Mikono mingi ilinyooka, na wa Fundi ukiwamo. Shemeji yake aliuona, akainamisha kichwa, midomo ikicheza kwa sala.

"Wengi wape," alisema mwenyekiti. "Ila mnajua desturi ya hapa. Aliyeamua ndiye atangazaye. Wagonjwa wako nje. Nani atawaambia?"



"Si muuguzi yupo?" mmoja alinong'ona.

"Muuguzi hakunyoosha mkono," alisema mwenyekiti.

Fundi aliinuka taratibu, akatoka. Wengine walimfuata hadi mlangoni. Kwenye benchi mama mmoja alikuwa akimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Alipomwona Fundi, alisogea.

"Kaa, baba. Umesimama kama mtu anayeumwa."

Fundi alikitazama kile kijiko. Akageuka.

"Mwenyekiti, mkono wangu nimeushusha."

"Na wangu," ilisema sauti nyuma ya miavuli.

"Basi tutahesabu upya," alisema mwenyekiti.

"Na duka je, shemeji?" muuguzi aliuliza kwa upole.

Fundi alimtazama yeye, kisha wale wa benchi, kisha wenzake mlangoni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, hisa zangu siziuzi mpaka ugonjwa huu uishe, hata zikishuka bei ya njugu. Nitashonea barazani."