Sura ya Nimo Kwenye Pakiti

Wivu wa Khairunisa kwa wifi yake haukuanza siku ile, lakini siku ile ndipo ulipopata miguu. Gari la mizigo kutoka Bungoma lilisimama mbele ya kibanda chake pale Matisi, mjini Kitale, vijana wakashusha pakiti za makaa, na kila pakiti ilikuwa na sura ya Nimo. Nimo amejifunga kilemba cha kijani. Nimo anacheka. Nimo amebeba mche wa mti mikononi kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi nene: RAFIKI WA MTI. HAKUNA MTI ULIOKATWA.

Khairunisa alikuwa akiuza makaa pale tangu kabla ya kumzaa Zahid, kifungua mimba wake. Makaa yalitoka Saboti, yakiletwa na mwanamke aitwaye Cherop, ambaye mumewe aliyachoma huko pembeni mwa mlima. Chenga zilizobaki chini ya gunia Khairunisa hakuzitupa. Alizichanganya na udongo na maji, akazibumba mabonge, akayaanika juani, akawauzia wanaopika maharagwe na githeri, maana bonge lile huwaka polepole kutwa nzima bila kulalamika.

Nimo alikuwa dada yake Aziz, mumewe Khairunisa. Ndoa yake ilipovunjika alikuja kwa kaka yake na begi moja na macho mekundu, akapewa chumba cha nyuma. Alikaa tu. Khairunisa ndiye aliyemwita uani, akamwonyesha udongo wa kuchagua, maji ya kutia, na namna ya kulibana bonge lisipasuke. Baadaye Nimo akasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Bungoma, Wanjala, amefungua karakana karibu na Kibabii ya kutengeneza makaa kwa makapi ya miwa, na anatafuta mtu anayejua kubumba. Akaenda. Mwanafunzi akapanda gari na ujuzi wake, mwalimu akabaki Matisi na karai la udongo.

Huo ulikuwa mwaka wa 2009, wakati redio zote zilipoimba wimbo mmoja tu wa misitu. Walimu, wauguzi na wake za maafisa walitaka makaa ambayo hayatawasuta moyoni. Watu waliozoea kubishana na Khairunisa kwa kopo moja la gorogoro la makaa ya kawaida sasa walinunua pakiti bila neno, wakaiweka juu kabisa ya kikapu, picha ikitazama nje, ili jirani aone kwamba katika nyumba hii mti hauliwi.

"Niletee ile ya yule mama," walisema.

Mwanzoni Khairunisa aliwaambia kwa fahari kwamba yule mama ni wifi yake. Kisha akaona wanavyoitazama picha, halafu wanamtazama yeye, kanga iliyopauka na kucha zilizojaa weusi, kana kwamba wanajiuliza yeye alipotelea wapi. Akaacha kusema. Akazigeuza pakiti zitazame ukuta. Wateja wakawa wanazigeuza tena.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Aziz aliikata picha kwenye pakiti moja, akaitundika sebuleni kando ya kalenda ya msikiti. Mgeni hakuwahi kumaliza chai kabla ya kuonyeshwa. "Dada yangu huyo," Aziz angesema, na Khairunisa angepita na sinia chini ya kicheko kile cha karatasi. Mke hamwonei dada wa mumewe wivu mbele za watu. Atasemwa hadi kaburini. Kwa hiyo aliumeza, lakini ulikuwa kama mwiba wa samaki: kila akimeza mate, ulimkumbusha kwamba bado upo.

Sikukuu ya Idi, Nimo alikuja na kumletea kitenge kizuri. Walipokuwa jikoni wakikatakata vitunguu alimwambia, "Wifi, haya yote ni wewe. Wewe ndiye ulinifunza." Maneno yalikuwa matamu, na Khairunisa akajua kwamba yametoka moyoni. Lakini jikoni walikuwa wawili tu. Sebuleni, walikojaa ndugu na majirani, Nimo hakuyarudia.

Basi asubuhi moja Cherop alifika na mzigo nusu. Khairunisa alipomuuliza habari ya chenga, maana udongo wake ulikuwa tayari, Cherop alitikisa kichwa akasema chenga hazipatikani tena.

"Kuna lori inakuja kutoka Bungoma," alisema. "Ati inataka chenga zote. Zikiisha inabeba magunia mazima, wanaenda kusaga huko kwao. Bwana yangu siku hizi anakata hata miti ile midogo."

"Lori ya nani?"

Cherop alimtazama kwa mshangao. "Si ile iko na picha ya wifi yako."

Mtu mwema angehuzunika. Angeufikiria mlima, na mito, na ile miti midogo. Khairunisa hakufikiria hata kimoja kati ya hivyo. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, hata akalazimika kuinama na kujifanya anafunga gunia ili Cherop asimwone usoni. Habari ile akaificha kama mtu aliyeficha mnofu wa nyama, akiingia peke yake kuuonja na kutoka. Hakumwambia hata Aziz. Ile picha sebuleni sasa aliipangusa vumbi kwa hiari yake mwenyewe.

Haukupita muda mrefu, Wanjala akawaalika wenye maduka wote wanaouza makaa yake waende Kibabii wajionee kazi. Khairunisa alivaa buibui lake jipya, akaenda.

Karakana ilikuwa imepambwa. Palikuwa na hema, soda, na rundo la makapi ya miwa meupe yaliyorundikwa kama kichuguu mahali pa kuonekana. Wanjala, mtu mpole wa sauti na mwepesi wa mzaha, aliwazungusha wageni wake, akawaambia kwamba kila pakiti wanayouza ni mti mmoja uliosalimika. Nimo alisimama kando yake na kilemba kile kile cha kijani. Alipomwona wifi yake, aliinua mkono kidogo, akaushusha. Khairunisa alitazama kwingine. Aliangalia stoo ya nyuma iliyofungwa kwa kufuli. Chini ya mlango wake palitoka vumbi jeusi jembamba, na vumbi lile alilijua kama anavyojua harufu ya nyumba yake. Makapi ya miwa hayaachi vumbi la namna ile.

Wanjala alipouliza kama kuna mwenye swali, Khairunisa alisimama.

"Mimi natoka Matisi," alisema. "Nataka tu kujua. Kama hakuna mti umekatwa, hizi chenga na magunia lori yenu inabeba Saboti zinaenda wapi?"

Wanjala hakukasirika. Alikuwa ameshaambiwa yeye ni nani, akatabasamu kwa huruma.

"Wenzangu, huyu mama ni wifi ya Nimo," alisema. "Alizoea kumwona amekaa nyuma ya nyumba yake hana mbele. Sasa anamwona kwa pakiti. Sisi tunaita hiyo nini?"

"Wivu," sauti kadhaa zikajibu, na hema zima likacheka.

Khairunisa alihisi uso unamwaka. Kama Wanjala angemsingizia, angepata la kujibu. Lakini hakumsingizia. Makaa yalikuwa ya msituni, na yeye alikuwa na wivu. Yote mawili yalikuwa kweli, na watu wale walikuwa na nafasi ya ukweli mmoja tu. Akashika kiti ili aketi.

"Wivu anao."

Alikuwa Nimo. Alisema polepole, akiitazama ardhi.

"Anao tangu zamani, na mimi najua. Lakini hiyo ya Saboti ni kweli. Makapi tulikosa tangu kiwanda cha sukari kianze kuyachoma chenyewe. Hii rundo mnaona ililetwa jana kwa sababu yenu. Huko ndani ya stoo ni makaa ya msitu, na ni mimi nayasaga."

Wanjala alijaribu kucheka, lakini hapana aliyecheka naye. Mwenye duka mmoja akaomba stoo ifunguliwe. Wanjala akasema ufunguo uko na mtu, na mtu huyo ameenda Webuye. Wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakiacha soda nusu chupa, na kabla hema halijang'olewa Nimo alikuwa ameshaambiwa akusanye vitu vyake.

Mawifi wakarudi pamoja kwa matatu. Walipofika Kiminini, Kitale ikiwa karibu, Khairunisa akamgeukia.

"Ulisema kwa nini?" Khairunisa akauliza.

"Nilichoka kujiona kila mahali nikicheka," Nimo akajibu. "Na wewe, wifi? Ulisimama kwa sababu ya msitu?"

Khairunisa alifikiria kudanganya. "Hapana," akasema.

"Nilijua," Nimo akasema, bila kinyongo, na akalaza kichwa dirishani.

Makaa ya Wanjala hayakufa. Maduka machache yaliyakataa, mengine yakaendelea, kwa kuwa pakiti ilikuwa nzuri na wateja walikuwa wameizoea. Muda si muda ikaja na sura ya mwanamke mwingine. Nimo alirudi chumba cha nyuma, na uani kukawa tena na watu wawili wanaobumba mabonge kwa chenga chache ambazo Cherop aliweza kuwafichia.

Lakini habari ilikuwa imewatangulia Kitale. Wanawake wa mtaa walianza kupita kuja kumwona Nimo, mwanamke aliyesema kweli mbele ya tajiri wake. Walimletea maandazi. Walimshika mkono. Ijumaa moja Aziz alirudi kutoka msikitini macho yakimlengalenga, akasimama uani, akawaeleza kwamba imamu amemtaja katika hotuba: dada mmoja wa mji huu, alisema, aliyekubali kupoteza riziki kuliko kula uongo.

"Alisema nini tena?" Khairunisa akauliza.

Aziz alifikiri. "Ni hayo tu, Mama Zahid. Si yanatosha?"

"Mashallah," Khairunisa akasema.

Alingoja kama Nimo ataongeza neno, aseme ni nani aliyesimama kwanza, ni nani aliyechekwa. Nimo alikuwa ameinamia karai, akikoroga, masikio yamemwiva kwa haya ya kusifiwa. Ndipo Khairunisa akausikia tena ule mwiba kooni, pale pale pa zamani, mzima kabisa. Akasogea, akachungulia ndani ya karai.

"Umetia maji mengi," akamwambia kwa ukali. "Mabonge hayo yatapasuka."

Nimo aliongeza udongo, akaendelea kukoroga.