Bega la Kushoto la Mwalimu

Mwalimu alifika kliniki ya mifupa asubuhi na mapema, gauni limefungwa zipu nusu, na juu yake amejitupia mtandio mzito ili ile nusu nyingine isionekane. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu zamani, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu, naye hakuwakataza. Jina lilimkumbusha enzi alizokuwa akisema neno moja na darasa zima linanyamaza. Siku hizi hata asiposema, nyumba nzima imenyamaza. Mumewe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka.

Kilichomleta ni bega la kushoto. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mji mwingine, alishakata shauri kwamba mama ahamie kwake na nyumba ipangishwe. Mwalimu alikataa katakata. Wakabishana kwenye simu mpaka wakachoka, wakakubaliana wasubiri vipimo: bega likiwa la kupona, mama anabaki kwake, likiwa la kutopona, anafunga virago. Ndiyo maana asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa amepiga moyo konde kwamba atajibu kila swali kwa tabasamu, na neno "maumivu" halitamponyoka.

Muuguzi wa chumba cha uchunguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Kwa bahati mbaya ya Mwalimu, alikuwa pia na macho. Alimwona tangu mlangoni akihangaika kuvua mtandio kwa mkono mmoja, ncha ameibana kwa kidevu.

"Karibu ukae, Mama. Bega gani?"

"La kushoto. Linakaza kidogo tu, asubuhi."

"Haya, tuanze na la kulia."

"La kulia ni zima, mwanangu."

"Ndiyo maana naanza nalo. Nikijua zima likoje, nitajua mwenzake amepungukiwa nini."

Mwalimu akalipenda jibu hilo, kwa sababu angefundisha hivyo hivyo. Akauinua mkono wa kulia mpaka juu, akaupeleka kisogoni, akaupeleka mgongoni, akiringa kidogo. Ikaja zamu ya kushoto. Mkono ukapanda, ukafika usawa wa bega, ukagoma. Mwalimu akauma meno, akaegemeza kiwiliwili chote upande wa kulia ili mkono uonekane umepanda zaidi.

"Usiniibie, Mama," muuguzi akasema akicheka. "Nataka mkono tu, mwili uache."

Miaka yote ile Mwalimu alikuwa akiwakamata watoto wanaochungulia daftari la jirani, na leo kakamatwa yeye. Akaona haya, akakaa sawa.

"Sasa legea kabisa. Usinisaidie. Mkono nitaubeba mimi."

Muuguzi akashika kiwiko kwa mkono mmoja, kiganja cha pili akakilaza begani. Kilikuwa kiganja cha moto. Tangu watu wa msibani waondoke hakuna aliyemgusa Mwalimu, isipokuwa wale wa kupeana mkono njiani na kupita. Machozi yakamlenga ghafla, akajitia kuangalia dirishani.

"Nimekuumiza?"

"Hapana," akasema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli siku hiyo.

Mkono ukaishia pale pale. Muuguzi akamweleza kwamba ingekuwa ni udhaifu wa misuli tu, yeye angeweza kuupandisha. Kwa kuwa umemgomea hata yeye, shida iko kwenye kiungo chenyewe. Kisha akapita nyuma, akapapasa juu ya mfupa wa bega, akakuta bonde.

"Ilianza lini, Mama?"

"Mwezi mmoja hivi baada ya mume wangu kufariki."

"Mh." Akapapasa tena. "Misuli yako hapa imekonda sana. Haikondi hivi kwa miezi michache. Nenda kapige picha, halafu tuongee."

Picha ikapigwa katika chumba cha baridi, Mwalimu kasimama kama mshtakiwa, na mpiga picha akimwamrisha asipumue. Daktari akaitazama kwenye mwanga, akamwonyesha kwa kalamu. Mfupa huu uliwahi kuvunjika, alisema, ukajiunga kombo. Ni wa zamani sana. Kiungo kimelika polepole mpaka kikakakamaa. Maumivu yanaweza kupunguzwa, ila bega kurudi kama la kulia, hapana.

"Mimi sijawahi kuvunjika," Mwalimu akasema.

"Wala kuanguka?"

Hapo akakumbuka. Ngazi za shule, binti yake akiwa bado wa kubebwa. Alianguka mbele ya darasa zima, wakacheka, naye aliumia zaidi kwa kile kicheko. Mumewe alitaka kumpeleka hospitali jioni ile ile. Yeye akafoka: neno lingine moja juu ya mkono huu, nahamia kwa mama yangu. Mumewe, fundi saa, mtu wa maneno machache tangu kuzaliwa, akafunga mdomo. Mkono ukachuliwa kwa mafuta, ukasahauliwa.

Daktari akatoka kuwaona wengine. Muuguzi akavuta kiti karibu.

"Kumbe bega hili umeishi nalo miaka mingi, Mama, na ulikuwa unapika, unafua, unavaa. Sasa niambie, nyumbani kumebadilika nini?"

Mwalimu akafurahi, maana hapo alikuwa na la kujisifia. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na wazimu wake. Sufuria zote aliziteremsha kwenye rafu ya chini. Kamba ya kuanikia aliifunga chini mno, mashuka yakawa yanafagia uwanja. Kila asubuhi alisimama nyuma yake kama askari wa zamu, kumfunga zipu kabla hajaombwa. "Nilimsema mpaka majirani wakamwita Bwana Chini. Hakukasirika. Basi alipoondoka, nikasema nisikae na kulia tu. Nikaita fundi, rafu akazipandisha, na kamba nayo ikapandishwa. Nyumba ikawa nyumba."

"Kamba mliipandisha mpaka wapi?"

"Hapa." Mwalimu akasimama, akanyoosha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akainua na wa kushoto, aonyeshe vile shuka linavyotandazwa kwa mikono miwili.

Wa kushoto ukaishia usawa wa bega. Mwalimu akautazama ulipokomea. Ndipo kamba ilipokuwa zamani. Si juu yake kidogo wala chini yake kidogo. Mumewe aliifunga kwa kipimo, kama alivyofanya kila kitu.

Akabaki vile vile, mikono hewani.

"Alijua," Mwalimu akasema. "Mimi nilisahau, yeye hakusahau hata siku moja. Na nilimkataza kusema."

Muuguzi akamshusha mikono taratibu, akamketisha, akamfunga zipu. Halafu akampa maelekezo: dawa ya kupaka, mazoezi ya asubuhi, nguo za kufungua mbele, vyombo na kamba virudi chini. Akifanya hayo, anaweza kuishi kwake bila shida. Mwalimu aliitikia kila kimoja kwa kichwa.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, akampigia binti yake.

"Wamesemaje, Mama? Litapona?"

Angeweza kudanganya, na uongo aliuandaa tangu jana. "Haliponi," akasema.

"Basi Jumamosi nakuja kukuchukua."

"Siji. Nabaki kwangu."

"Mama, si tulikubaliana? Utaishije na mkono huo?"

"Kama nilivyoishi nao siku zote." Alilisema kwa ile sauti ya darasani, ambayo binti yake hajawahi kuishinda.

"Haya, Mama," binti akasema. "Umeshinda."

Mwalimu akaiweka simu mkobani. Watu wa foleni walimpita, kila mgonjwa na mtu wake wa kumshika mkono. Ameshinda, nyumba ni yake, anaweza kwenda sasa hivi. Hakuinuka. Alikuwa na radhi ya kuomba, ya miaka na miaka, na huko nyumbani hakukuwa na wa kumwomba.