Majina ya Isangamawe

Kompyuta ya kwanza ya Jignesh Kanji ilifika Shinyanga mwaka 1988, imeviringishwa kwenye blanketi ndani ya lori la pamba lililokuwa likirudi tupu kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa nzito. Diski ngumu peke yake, lile kasha la chuma la ndani linalotunza kila unachoandika, lilikuwa na uzito wa tofali, na ukiiwasha mashine lilinguruma hata wateja wakageuka kutazama. Lakini ilifanya kazi. Ilikula vumbi la Agosti, ikavumilia umeme unaokuja na kuondoka bila kuaga, ikaangushwa mara moja na fundi rangi. Kila asubuhi ulichokiacha jana ulikikuta. Kwa miaka tisa haikupoteza hata nukta.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kama mtu anataka kujua. Kitu kikikuheshimu miaka tisa, unaanza kudhani hiyo ndiyo tabia ya ukoo wake mzima.

Duka lilikuwa karibu na soko: kalamu, chaki, madaftari, fotokopi, na kazi za kupiga chapa zilizofanywa na Paskazia, mwanamke mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Mama yake Jignesh, Dhanbai, alikaa kwenye kiti karibu na mlango akisimamia dunia. Barazani alikaa Mama Lusia, muuza karanga, na karatasi zote zilizoharibika dukani zilikwenda kwake. Alizikunja pembe, akatia karanga. Kwa hiyo mji mzima ulikula karanga ndani ya mihtasari ya vikao na barua za kuomba kazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Donatus Ngassa alikuwa mteja wa zamani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha chaki, akaenda Isangamawe, machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Kule wachimbaji walimchagua kuwa katibu wao kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Na katibu yule akaanzisha jambo ambalo machimbo mengine hayakuwa nalo.

Machimboni mtu huacha jina lake njiani. Huyu anamkimbia mke, yule anaamini jina la nyumbani linaleta nuksi ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia, mwingine amebandikwa tu jina na wenzake na limemganda. Unaweza kuchimba na mtu miaka mitatu, mkala sufuria moja, ukamjua kwa jina la Nyundo na basi. Duara likimfukia Nyundo, nani aambiwe? Kwa hiyo Donatus aliweka sheria: hakuna kushuka duarani kabla ya kuandikwa. Jina la machimboni, jina la nyumbani, jina la baba, kijiji, na alama moja ya mwilini isiyofutika. Mara tano sheria ile ilipeleka maiti nyumbani kwao, ikalazwa pembeni ya babu zake.

Mwaka 1996 panya walitafuna daftari la tatu. Donatus akayabeba yote kumi na moja ndani ya mfuko wa sulfeti, ule wa mbolea, akaja nayo Shinyanga kuuliza dawa ya panya.

"Dawa ya nini?" Jignesh akamwambia. "Niachie hapa mwalimu. Nitayaingiza kwenye kompyuta. Humo hakuna panya wala mchwa."

Hakutaka hata senti. Alilifanya kwa moyo mweupe, na kwa majivuno kidogo pia, tusimfiche. Kwa miezi mitatu, duka likipoa, Paskazia alisoma na yeye akaandika. Mstari mmoja uliwachekesha hadi wakasimamisha kazi. Alama ya mwilini: kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya kidole gumba.

"Huyu viatu anavaaje?" Paskazia akauliza.

"Anavaa ndala," Jignesh akajibu, wakaendelea.

Donatus alikuja kila baada ya miezi mitatu na majina ya wageni, nayo yakaongezwa. Siku ya kwanza kuona majina yake yakipanda kwenye kioo alivua kofia, akayatazama hadi mwisho. Kuyachapa yote kwenye karatasi kulihitaji utepe mpya wa printa, na utepe ulikuwa umeadimika mji mzima. Wakakubaliana watachapa baadaye. Baadaye ni neno tamu sana.

Mwanzoni mwa 1997 binamu yake Jignesh, Ankit, aliyekuwa akiuza kompyuta Dar es Salaam, alimletea mashine mpya. Diski yake ilikuwa nyembamba, ingeingia mfuko wa shati, haikupiga kelele hata kidogo, na ilibeba mara hamsini ya ile ya zamani. Dhanbai aliipima mkononi kama apimavyo embe.

"Nyepesi mno," akasema. "Kitu chepesi hivi kimetengenezwa ili ununue kingine."

"Mama, ndiyo maendeleo."

"Sijakataa. Nimesema ni nyepesi."

Waswahili wana onyo lao: usiache mbachao kwa msala upitao. Jignesh alilijua, alifundishwa darasa la nne, akaliandika hata kwenye mtihani akapata vema. Sasa tazama alichofanya. Aliyahamisha majina ya Isangamawe kwa disketi tatu. Yalipofika salama, disketi zile akazifuta, akaandikia kadi za harusi ya dada yake Bhavna. Mashine ya zamani akaifuta nayo, ikawa tupu, akampa mwalimu Ignas wa Chato aliyekuwa akifungua chuo cha kupiga chapa. Meza mpya ilitaka nafasi, na kwenye nafasi ile kulikuwa na mfuko wa sulfeti.

"Haya madaftari je?" Paskazia akauliza.

"Mpe Mama Lusia."

Hakumuuliza Donatus. Ukweli ni kwamba wazo la kumuuliza halikumpita kichwani hata kwa bahati mbaya, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna kuliko yote.

Novemba ya mwaka ule mvua zilinyesha kana kwamba zinadai kisasi. Asubuhi moja Jignesh aliwasha mashine, na ndani yake kikasikika kitu kikigonga: ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Ngo, ngo, ngo. Akampigia simu Ankit.

"Ah, hiyo imekwisha," Ankit akasema, sauti yake haina hata huzuni. "Siku hizi ndivyo zilivyo. Zinatengenezwa nyingi, za bei nafuu. Moja itakupa miaka mitatu, nyingine haimalizi mwaka. Nitakuletea nyingine bure. Ulikuwa na nakala, bila shaka?"

Jignesh aligeukia mlango, simu ingali sikioni. Alikuwa anamtazama Mama Lusia barazani, anakunja pembe.

Wiki mbili hakumwambia Donatus. Alijidanganya kwamba barabara ni mbovu, barua haitafika, atamwambia akija. Na Donatus akaja kabla ya zamu yake, amelowa, tope hadi magotini. Alisimama mlangoni asikanyage ndani.

"Shikamoo mama," akamwamkia Dhanbai kwanza, kwa sababu hata siku ya msiba adabu ni adabu.

"Marahaba. Nini kimetokea?"

"Duara limetitia. Maji yameng'oa matimba ya kuzuia kuta. Watu sita." Akamgeukia Jignesh, akatoa kipande cha karatasi mfukoni. "Wanne wana ndugu palepale, wamechukuliwa. Wawili hawana mtu, na tulishindwa kusubiri, maji yalikuwa yanajaa. Tumewazika jana. Mmoja anaitwa Bati, mwingine Sindano. Nitafutie kwao nipeleke habari."

Jignesh alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama, mikono mezani, kuhusu diski na kule kugonga kwake. Donatus alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Basi mashine imekufa," akasema. "Haya. Nipe madaftari yangu."

Paskazia aliacha kupiga chapa. Dhanbai akamtazama mwanawe. Nje mvua ilikuwa imepungua, na mteja mmoja alikuwa ananunua karanga. Jignesh aliinua mkono tu, akaonyesha barazani.

Donatus alimtazama yule mteja akimwaga karanga kiganjani, akaifinyanga karatasi, akaitupa mtaroni. Mama Lusia aliposikia jambo lenyewe alipekua furushi lake lote, akalia. Yale yalikuwa yamekwisha tangu mavuno ya pamba, akasema. Aliyapenda, yalikuwa magumu, hayakuvujisha mafuta. Hakujua kusoma.

"Si kosa lako, Mama Lusia," Donatus akamwambia. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Kulikuwa na tumaini moja, la kijinga. Kesho yake Jignesh alipanda basi kwenda Chato. Njia ilimchukua siku tatu, mara mbili abiria wakashuka kusukuma. Alipokaribia chuo cha mwalimu Ignas aliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa inanguruma vilevile, juu ya kelele za jenereta, na moyo wake ukaruka kama wa mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake sokoni.

"Hii mashine ni chuma," Ignas akamwambia. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Jignesh alikaa, akatafuta. Alitafuta Bati, akatafuta Sindano, akatafuta Isangamawe. Diski ya zamani ilimjibu upesi na kwa uaminifu wake wote. Ilikuwa imetunza kila ilichopewa, herufi kwa herufi: mazoezi ya wanafunzi wa kupiga chapa, kurasa na kurasa za herufi zilezile zikirudiwa bila maana, vidole vikijifunza njia. Ilikuwa nzima. Aliyeyatoa majina mle ndani ni yeye, kwa mkono wake, mashine ikamuuliza kama ana hakika, naye akasema ndiyo.

Majuto ni mjukuu, walisema wa zamani. Huyu wa Jignesh alizaliwa na meno. Usiku haukumsumbua, kilichomsumbua ni mchana, kila alipoweka vidole juu ya vibonye. Vidole hivi viliwahi kuyapita majina yale mawili. Viliyaandika, na vimeyasahau.

Mvua zilipokoma, mwezi Juni, mwanamke mtu mzima alishuka kwenye gari la Kharumwa, akaulizia duka la Mhindi mwenye majina. Alikuwa miguu mitupu, kitenge kipya.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, mayu," Jignesh akaitikia. Kisukuma alikijua tangu utoto. "Karibu ukae."

Hakukaa. Alisema anaitwa Mama Maduhu. Mwanawe Maduhu alikwenda machimboni miaka miwili iliyopita, akawa anatuma salamu na watu, mara sukari, mara kanga. Tangu mvua zile, kimya. Amekwenda Isangamawe, katibu amempokea vizuri, akampa uji, akamwonyesha makaburi mawili yenye majina asiyoyajua. "Akaniambia wewe ndiye uliyewaandika watu. Maduhu umemwandika?"

"Mama, kitabu kimepotea."

"Nimeambiwa. Nauliza wewe. Mwanangu ana kidole hiki," akainua mguu wake wa kushoto, akagusa kidole cha pili, "kimemlalia kidole gumba. Alizaliwa nacho. Umemwandika?"

Paskazia aliweka mkono mdomoni. Jignesh aliuona ule mstari, wazi kabisa, kana kwamba kioo kimewaka mbele yake. Maduhu. Kharumwa. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Alikumbuka kicheko, akakumbuka ndala. Akaufuata mstari ule kurudi mwanzo wake, pale lilipokuwa jina la machimboni, na pale palikuwa peupe.

"Nilimwandika," akasema. "Alikuwepo. Nakumbuka kidole."

"Na wenzake walimwitaje?"

Alifumba macho. Akamtazama Paskazia, naye akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. "Sikumbuki, mayu. Nisamehe. Sikumbuki."

Mama Maduhu aliitazama miguu yake mitupu. "Waliozika waliona miguu?"

"Nimesikia ilikuwa tope tupu. Hawakuona."

"Basi andika tena," akasema. "Si kwenye hicho. Andika kwa kalamu, nione."

Jignesh alichukua daftari jipya kwenye rafu, akalifungua ukurasa wa kwanza. Aliandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Bati: Maduhu, wa Kharumwa, kidole cha pili kimepanda, au. Akashuka mstari. Sindano: Maduhu, wa Kharumwa, kidole cha pili kimepanda, au. Baada ya hapo hakujua aandike nini, akaweka kalamu chini.

Mama Maduhu hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Aliweka kidole juu ya neno kwenye mstari wa kwanza, akakishusha kwenye wa pili, akaona maumbo yanafanana.

"Hili ni jina lake?"

"Ndiyo, mayu."

"Na hili?"

"Ndiyo."

Alilitazama daftari, kisha akamtazama Jignesh, bila hasira, kama anayesahihisha jambo dogo.

"Mimi nilimzaa mara moja," akasema.