Vioo Juu

"Wifi, nakuachia Lynn kwa sababu wewe umesoma," Mama Lynn, mke wa kaka yangu mkubwa, aliniambia asubuhi ile, kabla hajaenda kazini Watamu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha afya ya jamii mwezi uliopita. Nilitabasamu kama mtu anayestahili kuambiwa hivyo.

Saa saba mchana tulikuwa Malindi, nje ya geti la nyumbani kwa mchumba wa kaka yangu Kyalo. Gari lilikuwa limechemka tangu Matsangoni, kwa hiyo dereva alizima injini akashuka kuungana na wazee wetu. Wenyeji walifunga geti wakaanza kuimba kwamba hawatujui, tujieleze upya. Ni mchezo wa posa. Huweza kuisha upesi, au ukala saa nzima.

"Vioo juu!" Shangazi Jedida aliamuru kutoka kiti cha mbele. Alikuwa ametundika leso madirishani kote. "Wakimwona bwana harusi kabla geti halijafunguliwa, watatucheka mpaka tufike kwetu."

"Basi watapewa mkwe wa kuchemsha," Kyalo akasema, akijipepea kwa tai.

"Nyamaza wewe. Suti haiui."

Lynn, wa miaka miwili, alilala mapajani mwangu na gauni lake la nailoni na soksi. Mwanzoni alitoka jasho mpaka sketi yangu ikalowa. Kisha jasho likakauka, ngozi ikabaki moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Swali la dalili hiyo ya kuzidiwa na joto lilikuja kwenye mtihani wetu. Nililipata lote.

"Shangazi," nilisema, "labda tufungue kidogo..."

"Usituaibishe, Bridgit. Wanakaribia kufungua."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Nje wimbo ulianza tena ubeti wa kwanza, nami nikausikiliza wote.

Lynn akatapika, kichwa kikalegea. Ndipo mlango ukafunguka, lakini si mimi niliyeufungua. Ni Kache, shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa amekuja kumfichua Kyalo kwa utani. Kicheko kilimkatika.

"Jamani, mwana huyu anawaka moto! Mmemfungia humu muda wote huu?"

Alinipokonya Lynn, akakimbia naye kivulini, akamvua nguo, akamlowesha maji na kumpepea kwa leso, huku akiita gari la kwenda hospitali. Nyimbo zilikoma.

Jioni Lynn alikuwa ameketi kitandani wodini, akinywa maji na kudai soksi zake. Mama yake alifika akiwa bado na sare ya kazi. Shangazi Jedida alimlaki mlangoni.

"Mshukuru wifi yako. Msomi wetu ndiye aliyegundua."

Mama Lynn alinikumbatia kwa nguvu. Juu ya bega lake Shangazi alinitazama, akatikisa kichwa polepole: nyamaza.

"Niligundua mapema," nilisema. "Niliona haya kufungua mlango."

Mikono yake ikaniachia. Alikwenda kwa mtoto wake, akakaa akinipa mgongo. Zile soksi zilikuwa mkononi mwangu, na sikuthubutu kumpelekea.