Bomba la Wodi ya Nne

Kule chini ya hospitali, mahali nguo za wagonjwa zinapofuliwa, asubuhi na alasiri hazina tofauti. Taa ni zile zile, mvuke ni ule ule, na mashine tatu kubwa hunguruma kutwa nzima kama wazee wenye kinyongo. Humo ndimo alimofanya kazi msichana waliyemwita Kimya.

Hakuwa bubu. Alikuwa amesoma chuo, na akiwa peke yake aliimba vizuri tu. Ila mbele za watu maneno yalimkauka kinywani, akabaki kuchezea kona ya aproni. Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka machafu na kupiga pasi yaliyokauka, na kazi zote mbili hazihitaji hotuba.

Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na midomo minne ya mabomba ya bati, mipana kiasi cha mtu kupenyeza mabega. Kila ghorofa ya wagonjwa ilikuwa na bomba lake. Muuguzi akishatandua vitanda huyatupa mashuka bombani, kisha hugonga bati mara tatu kwa kipande cha mti kilichofungwa pale kwa kamba, maana yake nimetupa. Aliye chini hugonga mara mbili, maana yake nimepokea. Shuka la aliyefariki lilifungwa fundo moja pembeni ili lifuliwe peke yake. Kimya alipokuwa akilifungua fundo hilo aliwaombea wafiwa moyoni, maneno matatu manne, midomo imefumbwa. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yake: hakuna aliyewahi kuyasikia.

Bomba la nne halikuwa na kazi. Wodi ya ghorofa ya nne ilikuwa imefungwa kwa miaka sita, tangu dari ilipopasuka. Ilisemekana itakarabatiwa, kisha ikasahauliwa. Hata lifti iliishia ya tatu.

Ndiyo maana siku ile ya Jumanne, saa tisa mchana, shuka lilipoanguka kutoka bomba la nne, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya.

Lilitua taratibu, kama lililowekwa. Tena lilikuwa limekunjwa mara nne, ncha kwa ncha. Hakuna muuguzi anayekunja shuka chafu. Kabla hawajapata la kusema, bati likalia huko juu: ngo, ngo, ngo.

“Yesu wangu!” Dada Sabuni, mama mnene mcheshi aliyesimamia mashine, akarudi nyuma akiwa na kopo la sabuni mkononi.

“Nani yuko juu?” Kimya aliuliza kwa sauti ndogo.

“Juu hakuna mtu,” alisema Mjomba Mvuke. Huyu alikuwa fundi wa tanuri, na miaka ishirini na mitano ya joto ilikuwa imemkausha kama kuni. “Msiliguse. Na mtu asijibu. Ukijibu, umeshakubali.”

“Nimekubali nini, Mjomba?”

“Sijui, na sina haraka ya kujua.”

Ikawa sheria. Siku ya pili saa tisa likaanguka jingine, likafuatwa na mapigo matatu. Siku ya tatu vivyo hivyo. Mjomba Mvuke aliyaokota kwa mpini wa ufagio, akayatia ndani ya kapu na kulifunika. Watu walitania, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi.

“Mgonjwa gani huyu nadhifu hivi?” alisema Dada Sabuni. “Afadhali yeye. Wale wa wodi ya kwanza wananitupia mpaka vijiko.”

Kimya hakucheka. Alikuwa na siri iliyomkosesha amani kuliko wenzake wote.

Jumapili iliyotangulia, kanisani, mchungaji aliomba watu wa kuwatembelea wagonjwa na kuomba pamoja nao, kwa sauti, wakiwa wamewashika mikono. Kimya aliona mkono wake mwenyewe uko juu. Jina lake likaandikwa. Jumatatu asubuhi akamtumia mchungaji ujumbe kwamba ana mafua. Hakuwa na mafua. Jioni alipiga magoti kando ya kitanda chake, akalia kwa aibu. “Bwana,” alisema moyoni, “nimekuamini miaka yote hii nikiwa nimekaa. Nifundishe kusimama. Lakini unanijua. Niite kwanza mahali pasipo na watu, nianzie hapo.”

Na kesho yake saa tisa, mahali pasipo na watu pakagonga.

Sasa kila bati lilipolia roho ilimruka. Alikuwa ameomba, na aliogopa kwamba amejibiwa. Alijua pia, ndani kabisa, kwamba akiuacha mwito huu upite kama alivyouacha ule wa kanisani, hataomba tena jambo lolote la maana. Ataendelea kunyoosha mashuka na kufumba mdomo hadi uzeeni, akijiita mwamini.

Siku ya tano, Jumamosi, shuka lilipotua, Mjomba Mvuke alikuwa kwenye tanuri. Kimya alilifikia kabla ya ufagio. Akaliweka mikononi.

Lilikuwa safi. Lilinukia sabuni yao wenyewe. Lakini lilikuwa na joto, na katikati palikuwa na unyevu, duara dogo kiasi cha uso wa mtu.

“Liache, mdogo wangu!” Dada Sabuni alipiga kelele.

Ngo, ngo, ngo.

Kimya akajikaza. Akashika kipande cha mti kilichoning'inia kando ya bomba la nne, kamba yake imejaa vumbi la miaka sita, akagonga mara mbili.

Hata mashine zilionekana kunyamaza. Kutoka bombani ikaja pumzi ya baridi, ikampapasa usoni, ikanuka chumba kilichofungwa siku nyingi. Kisha juu kabisa, taratibu kuliko mwanzo, kama mtu asiyeamini alichosikia: ngo. Ngo. Ngo.

“Umefanya nini?” Mjomba Mvuke alikuwa amesimama mlangoni, jasho limemkauka usoni.

“Nakwenda juu.”

“Kwenda wapi? Wewe hata karani wa likizo unamwogopa, leo utaviweza vitu vya bombani?”

“Sitaki kuviweza, Mjomba. Nataka kuuliza kama kuna anayehitaji kitu.”

Dada Sabuni akamtia mkononi ufagio. “Basi chukua hata huu.”

“Wa nini, dada?”

“Sijui. Lakini usiende mikono mitupu, nitakosa usingizi.”

Aliuacha ufagio kwenye ngazi za kwanza. Ghorofa ya kwanza kulikuwa na makelele ya watoto, ya pili wageni wakiingia kuwaona wagonjwa wao, ya tatu harufu ya dawa na redio ya mtu. Baada ya hapo ngazi zilibadilika. Rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka, na sauti za chini zilikatika ghafla. Kila alipokanyaga alisikia hatua zake, kisha kitu kama hatua nyingine ikifuata, nusu hatua nyuma. Akisimama, nayo inasimama. Alijiambia ni mwangwi. Hakugeuka kuhakikisha.

“Bwana, tembea nami,” alisema, na akashtuka, maana alikuwa amesema kwa mdomo.

Mlango wa wodi ulikuwa umeegeshwa tu. Mnyororo ulining'inia, kufuli limefunguliwa. Ndani, vitanda vilijipanga safu mbili, magodoro yamekunjwa, vumbi juu ya kila chuma. Jua lilipenya kwenye madirisha yenye ukungu, likawa la rangi ya maji ya kusuuzia. Kitanda cha mwisho peke yake kilikuwa hakina vumbi. Godoro lake lilikuwa limelazwa, mto umewekwa, na kando yake kulikuwa na kiti, kama kwamba kuna mgonjwa anayesubiri mgeni wake.

Nyuma ya kitanda kitu kikainuka.

Kimya angekimbia, ila miguu ilimwisha nguvu. Hilo ndilo lililomwokoa, kwa sababu alipata muda wa kuona kuwa ni mtu: mwanamke wa makamo, koti la bluu la watunza stoo, rundo la funguo kiunoni. Alikuwa Mama Funguo, ambaye hospitali nzima ilimwogopa kwa ukali wake. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Nani amekutuma?” Sauti yake ilitetemeka.

“Umegonga, mama. Nimekuja.”

“Nimegonga?” Mama Funguo alimtazama kama asiyeelewa lugha. Kisha akakaa kitini, funguo zikalia mapajani. “Kaa, mwanangu. Usimwambie mtu.”

Kimya akakaa ukingoni mwa kitanda cha jirani, vumbi na yote.

“Zamani nilikuwa msaidizi wa wauguzi hapa,” Mama Funguo alisema. “Kwenye kitanda hiki alikuwa amelala mama mmoja. Mchana mmoja aliniambia, dada, niombee kidogo, naogopa. Hilo tu. Mimi ni mtu wa kanisa, nilijua kuomba. Lakini wenzangu walikuwapo, wanacheka, wanapiga soga. Niliona haya. Nikamwambia, ngoja nimalize kutandika vitanda hivi, nitarudi.” Alilitazama godoro tupu. “Nilirudi saa tisa. Nilimaliza vitanda vyote, nikarudi saa tisa. Nikalifunga shuka lake fundo.”

“Pole, mama.”

“Walipoifunga wodi nilifurahi. Nikaomba kazi ya stoo, niwe na vitu, nisiwe na watu. Sasa wiki hii wamenikabidhi funguo zote, na huu wa huku umo. Kila siku napanda. Natandika shuka safi, nakaa, nataka kusema yale niliyomnyima. Hayaji. Naishia kulia juu yake. Nalikumbatia, nalikunja, nalitupa, naondoka.”

“Halafu unagonga.”

“Nagonga kwa kitu gani, mwanangu? Tazama.”

Kimya akatazama mdomo wa bomba ukutani. Kamba ilikuwapo, fupi, imeoza. Mwisho wake hapakuwa na kitu. Mti wenyewe haukuwapo, wala sakafuni hapakuwa na chochote cha kugongea, vumbi tupu, na ndani ya vumbi lile nyayo za viatu vya Mama Funguo zikienda na kurudi. Karibu na bomba pembeni, mahali ambapo mtu angesimama ili agonge, vumbi lilikuwa halijakanyagwa.

Nywele zikamsimama Kimya. Akamwona Mama Funguo naye ameelewa, uso umembadilika rangi.

“Mimi,” alinong'ona Mama Funguo, “nilidhani mnagonga ninyi huko chini. Kunicheka.”

Walikaa hivyo, wawili, wakilitazama bomba, na bomba likiwatazama kwa jicho lake moja jeusi. Kimya alifikiria ngazi, mlango, mvuke na kelele nzuri za mashine. Alifikiria pia kwamba hapa hasa ndipo alipoomba aletwe. Hapakuwa na watu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amevunjika.

Akanyoosha mkono, akaushika wa Mama Funguo. Ulikuwa wa baridi, na wake ulitoka jasho.

“Tufumbe macho, mama.”

“Utaomba wewe?”

“Nitajaribu.”

Neno la kwanza halikutoka. La pili lilitoka limepasuka. “Bwana,” alisema, “tumechelewa. Mama huyu kwa miaka sita na zaidi, mimi kwa wiki moja, na kabla ya hapo maisha yangu yote. Tuliona haya. Ulituita na tukasema ngoja. Tusamehe. Mpe mama huyu pumziko. Yule aliyeogopa peke yake kwenye kitanda hiki, wewe ulikuwapo wakati sisi hatukuwapo. Yuko mikononi mwako, tunamwacha huko. Na sisi usituache tulivyo.”

Katikati ya maneno hayo, kitanda kitupu kililia. Zilikuwa springi zake, taratibu, sauti ile ambayo kila mtu wa hospitali anaijua, ya mtu anayeinuka baada ya kulala muda mrefu. Mkono wa Mama Funguo ulibana wa Kimya hadi mifupa ikauma. Hewa ikapita kati yao, ikaelekea mlangoni. Kimya hakufumbua macho. Alijiambia ni bati la paa linatanuka kwa jua. Alijiambia hata kama si bati, aliyeshika chumba hiki ni mkubwa kuliko bati na visivyo bati. Akaendelea hadi amina.

Walipofumbua macho hawakukitazama kile kitanda. Walitazamana wao.

Mama Funguo alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alionekana mdogo, mchovu na mpole, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi.

“Nina lingine,” alisema. “Wodi ya pili, kitanda cha karibu na mlango, kuna mama anafanyiwa upasuaji Jumatatu. Tangu jana anauliza kila anayepita kama kuna mtu wa kumwombea. Nimepita mara tatu. Mara tatu, mwanangu, nikizitikisa funguo zangu ili nionekane nina haraka.”

Wodi ya pili, saa ya wageni! Watu arobaini na macho yao. Kimya aliona wazi, akajionea huruma kidogo, kwamba hofu yake ya bombani ilikuwa ndogo kuliko hii.

“Twende sasa hivi,” alisema haraka, kabla hajapata mafua.

Walishuka pamoja. Mama Funguo alikuwa ameweka rundo la funguo mfukoni ili zisilie.

Wodi ya pili ilijaa. Ndugu wamekaa vitandani, watoto wanakimbizana, mtu anabishana na muuguzi kuhusu dirisha. Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alikuwa mwembamba, shuka limefika kidevuni. Aliona koti la bluu na aproni yenye madoa ya maji, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

“Ni ninyi?” aliuliza.

“Ndiyo, mama,” Kimya alisema. “Ni sisi. Samahani tumekawia.”

Akamshika mkono. Mama Funguo akashika wa pili. Kelele za karibu zikapungua, vichwa vikageuka, na maneno yakamkauka Kimya kinywani vilevile kama siku zote. Hakuna kilichokuwa kimebadilika hapo. Akafumba macho, akaanza, sauti yake nyembamba kama uzi.

“Dada,” sauti ya mzee ikaita kutoka kitanda cha dirishani, “paza sauti basi. Na huku tunaumwa.”

Watu wakacheka. Kimya naye akacheka kidogo, machozi yakimlenga. Akavuta pumzi, akapaza sauti.