Mwito wa Pili

Mwaka ule wa hamsini na tano, likizo ya Septemba ilipofika, wanafunzi kumi na wawili wa shule za kati walichaguliwa kwenda kujifunza umeme na mitambo kwa wiki tatu. Walipelekwa kwenye mgodi mdogo uliofungwa, chini ya mteremko wa Sekenke. Haukuwa ule mkubwa unaojulikana. Ulikuwa shimo la pembeni ambalo wenyewe walikwisha kuondoka, wakaacha nyumba chache za mabati, winchi ya mkono ya kupandishia ndoo na mlinzi mmoja. Wasichana walikuwa wawili tu, na mmoja alirudishwa kwao siku ya tatu kwa homa. Aliyebaki ni Yunisi, binti wa Kinyangiri, mwenye miaka kumi na sita. Mlinzi wa mgodi alikuwa baba yake mdogo, Manase.

Mama yake, Kristina, hakutaka aende. Hakusema hapana. Alimfungia unga wa uwele, akakaza fundo la kitambaa kuliko ilivyohitajika, akasema, "Ukifika huko, usilichungulie lile shimo." Maana ndani ya shimo hilo ndimo alimofia Simeoni, baba yake Yunisi, miaka tisa iliyopita.

Juu ya kifo kile Yunisi alijua machache yaliyosimuliwa msibani. Baba yake alirudi chini kwa ngazi wakati wa jioni, wenzake wakiwa wameshatoka, kufuata taa aliyoisahau. Hakumwambia mtu. Moshi wa baruti ulikuwa bado haujatoka, ukamlegeza miguu. Akavuta waya wa kengele ili apandishwe, nao waya ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatika. Walimkuta asubuhi.

Lakini alijua jambo jingine ambalo hakuna aliyelisimulia. Tangu mazishi, baba mdogo Manase hakuwahi kuingia ndani ya nyumba yao. Kila mwaka alileta asali, akaketi uani juu ya kinu kilicholazwa, akanywa maji, akaondoka. Ukimkaribisha chakula alisema ameshiba, na huku ametembea siku mbili.

Huko mgodini alimpokea mwanawe kwa upole. "Shikamoo, baba," Yunisi alisema, akapiga goti. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akamtazama usoni muda mrefu, kisha akageuka kama mtu aliyeitwa na mwingine.

Masomo yaliendeshwa na Bwana Naftali, mwalimu wa sayansi, mtu mwembamba aliyezoea kufuta miwani kila alipofurahi. Aliwafundisha kuzungushia msumari waya wa shaba mpaka msumari ukawa sumaku, na kuunganisha betri kavu mpaka taa ndogo ya tochi ikawaka. Mchana upepo wa mbuga ya Wembere ulipanda na vumbi jeupe la chumvi, wakajifunika midomo kwa leso na kuendelea. Katika wiki ya pili akawaambia kwamba siku ya mwisho atakuja ofisa wa elimu. Mmoja wao, ambaye chombo chake kitafanya kazi mbele ya watu, atapelekwa kwenye darasa la ufundi huko Dodoma mwezi wa Januari. Aliwapa karatasi za kupigwa sahihi au dole gumba na mzazi au mlezi.

Wavulana wakatengeneza mizani, pampu, mashine ya kupimia upepo. Yunisi akatengeneza kengele ya umeme ya mgodini.

Aliijua ile ya zamani, kwa kuwa ilikuwa bado inaning'inia juu ya mnara wa mbao ulio mdomoni mwa shimo, na kipande cha waya chenye urefu wa mkono mmoja kikiwa chini yake. Mtu aliye chini aliuvuta waya. Mlio mmoja, simamisha. Miwili, shusha ndoo. Mitatu, pandisha, ndani kuna mtu. Ubaya wake ni kwamba aliyevuta hakuweza kujua kama amesikika. Kwa hiyo katika yake Yunisi aliweka kitufe cha bati, na pembeni mwa kitufe taa ya tochi iliyowaka kila umeme ulipopita. Ukibonyeza na taa ikawaka, unajua umeita. Bwana Naftali alipoelezwa alifuta miwani mara mbili.

Gasto, kijana wa Manyoni ambaye baba yake alifanya kazi kwenye reli, hakumwacha apumue. "Fundi wa kengele," alimwambia kila asubuhi, "leo ibada saa ngapi?" Wenzake wakacheka, na Yunisi akainamia waya wake kwa haya.

Manase ndiye hakucheka. Alipoletewa ile karatasi ya Dodoma aliikunja, akaitia ndani ya kofia yake, akavaa kofia. Siku nne zikapita. Yunisi alipoiulizia kwa adabu, akamjibu kwamba karatasi iko mahali pema. Alipomwomba asimame kwenye winchi siku ya maonyesho, kwa kuwa yeye peke yake aliijua breki yake, Manase alikataa.

"Winchi nitakupakia mafuta. Kengele hiyo sitaiitika."

Yunisi akaenda zake na machozi. Lakini tangu afike alikuwa ameona jambo. Kila siku jua lilipoinama hata kivuli cha mnara kikagusa nyumba ya kwanza, Manase alikwenda kwenye winchi, akaketi, akauweka mkono wake juu ya mpini. Hakufanya chochote. Alikaa hivyo mpaka jua likazama, ndipo akainuka kwenda kusonga ugali wake. Jioni ile Yunisi alimfuata, akaketi chini karibu na miguu yake. Mdomo wa shimo ulitoa ubaridi wake kama chungu kilichofunuliwa.

"Unangoja nini, baba?" akauliza.

 Manase alisema kwa sauti ndogo, kwa Kinyiramba cha nyumbani, bila kuuondoa mkono kwenye mpini. Jioni ile ya miaka tisa iliyopita alikuwa hapa hapa. Watu wote kumi na mmoja wa zamu walikuwa wameshapanda. Aliwahesabu mwenyewe, na Simeoni alikuwa miongoni mwao; hakumwona alipogeuka akarudi kwa ngazi. Alikuwa anafunga breki aende zake, kengele ikalia. Mara tatu.

"Nilijua chini hakuna mtu," alisema. "Na wewe unajua tulivyolelewa. Ukiitwa na usiyemwona, jioni, mahali pasipo na mtu, huitiki. Unangoja. Wafu huita mara moja. Aliye hai ataita tena."

Yunisi alijua. Hata yeye, alipokuwa akiteka maji, bibi yake alimfundisha hivyo: usiitike mwito wa kwanza.

"Nikangoja mwito wa pili. Nilingoja sana, mwanangu, si kidogo. Sikumwacha kwa haraka. Haukuja, nikasema, naam, ni wale wazee wa shimo, mizimu, nikaenda kula. Asubuhi tukaona waya umekatika. Alipovuta mara ya tatu ukakatika. Asingeweza kuita tena." Akakaza vidole kwenye mpini. "Kaka yangu aliita mara moja kama mfu, na alikuwa hai."

 Mkono wa Yunisi ulikwenda wenyewe mpaka kwenye mpini, ukakaa kando ya ule mkono mkubwa wenye makovu.

"Kwa hiyo bado unangoja," alisema.

"Bado."

Wakakaa mpaka giza. Alipoinuka, Yunisi alimwambia jambo moja tu: kwamba kengele yake inaweza kuita tena na tena, kwa kuwa haina waya wa kuvutwa, na kwamba siku ya maonyesho atakayeshuka ni yeye. Manase alimkatalia. Bwana Naftali naye alikataa kwanza, akataka kushuka mwenyewe, lakini Yunisi, aliyekuwa hajawahi kubishana na mwalimu, alisema aliyetengeneza ndiye anayestahili kuiamini. Usiku ule hakuna aliyejua Manase aliwaza nini. Asubuhi walimkuta ameshapaka winchi mafuta, amevaa kofia yake, amesimama kwenye mpini.

Ofisa alifika saa nane mchana, akatazama mizani na pampu, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha wote wakaenda shimoni. Mshumaa ulishushwa kwanza ndani ya ndoo ili kupima hewa, ukarudi unawaka. Gasto, kwa kuwa alikuwa na nguvu kuliko wenzake, alishika mpini wa pili. "Ukikuta dhahabu, mimi ndiye niliyekushusha," alimwambia Yunisi. Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha.

Ndoo ikashuka futi mia mbili. Mbingu ikawa sahani, kisha kikombe. Chini palikuwa pakavu na baridi, na palinukia chuma; ngazi ya zamani ilikwisha kuoza. Yunisi alitoka ndani ya ndoo, akawasha taa ya mkononi, akakiona kitufe chake walichokiteremsha asubuhi. Kando yake, juu ya jiwe, ulilala waya wa zamani, umejikunja kama nyoka aliyekufa, rangi ya udongo. Ulikuwa mrefu. Ulikuwa wote, isipokuwa kile kipande cha mkono mmoja kilichobaki juu.

Akabonyeza mara tatu. Taa ndogo iliwaka mara tatu, na kwa mbali sana akasikia kengele yake ikilia. Akaingia ndani ya ndoo, akangoja.

Kamba haikutikisika.

Alihesabu mpaka mia moja. Baba mdogo, alijiambia, anangoja mwito wa pili. Akatoka tena, akabonyeza. Taa haikuwaka. Akabonyeza kwa nguvu, akafuata waya kwa vidole mpaka pale ulipopanda ukutani, akaukaza, akabonyeza. Giza. Hapo ndipo alipoelewa: ameita mara moja, naye hawezi kuita tena.

Alipaza sauti. Shimo likaimeza.

Ndipo akasikia kwamba hayuko peke yake. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu anapohamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Ilitoka nyuma yake, penye waya. Alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Alikuwa ameogopa jambo hili tangu utotoni, na sasa lilipokuja alikuta kwamba chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, kidogo na cha moto, kama jiwe la jikoni lililofunikwa na majivu.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hakuna aliyejibu. Lakini ule waya wa zamani ulikwaruza jiwe, polepole, kama unaokazwa.

Kamba ikanyooka. Yunisi akarukia ndani ya ndoo, na bila kujua kwa nini alijibana upande mmoja. Ndoo ikapanda. Haikupanda kwa mwendo wa kupandishia mawe. Ilipanda taratibu, bila kugonga kuta, kwa mwendo wa watu.

Juu, jua lilimpofusha. Gasto alikuwa ameloa jasho, anahema. "Dada, umekula nini huko?" aliuliza. "Ulishuka kama kuku, umepanda kama ng'ombe."  Manase alifunga breki, akafungua lango la mbao la mdomo wa shimo, akampa Yunisi mkono, akamtoa. Kisha hakulifunga lango. Alisimama kando akiwa amelishika, ameinamisha kichwa, amevua kofia, muda ambao mtu mmoja hutumia kukanyaga ukingo, kujinyoosha na kupita. Ndipo akalifunga.

Ofisa aliuliza kwa nini imechukua muda mrefu. Yunisi akasema kwamba kengele imeshindwa. Mwito wa pili haukupita.

"Umepita," alisema Manase.

Bwana Naftali akamwambia kwa upole kwamba mwito wa kengele ulikuwa mmoja tu, wote waliusikia. Gasto naye akakubali: mwito mmoja, mzee akasimama kama mti, kisha ghafla akasema vuta.

"Sikusema ilikuwa hiyo," Manase akajibu.

Wakafuata macho yake. Juu ya mnara kengele ya zamani ilikuwa inayumba, na kile kipande cha waya kikiyumba chini yake. Upepo, alisema Bwana Naftali, akavua miwani. Lakini hakuifuta. Vumbi la Wembere lilikuwa limesimama wima kwenye mbuga nzima, na jani halikutikisika.

Walipoichunguza kengele ya Yunisi waliona kiungo kimoja cha waya kimeachia. Ofisa alifikiri, kisha akasema kwamba kengele iliyomtoa mtu shimoni imefanya kazi yake, na kiungo atajifunza kukifunga huko Dodoma, iwapo mlezi amekubali. Manase aliitoa karatasi kwenye kofia. Wino ulikuwa ofisini. Hakuungoja. Alisugua dole gumba kwenye meno ya winchi, akalikandamiza kwenye karatasi likiwa jeusi kwa mafuta.

Mwezi wa Desemba, mvua zilipokwisha kuanza, alifika Kinyangiri na asali yake. Kristina alikuwa amekwisha kumwekea kata ya maji uani, karibu na kinu. Manase aliipita. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaingia. Alipogeuka kuufunga mlango kwa sababu ya mvua, Kristina aliyekuwa akichambua mlenda wake aliona kwamba shemeji yake ameushika wazi kidogo, amejisogeza pembeni, kabla ya kuuachia.

 Kristina aliinuka, akatoa bakuli mbili: ya shemeji yake, na ya mumewe.